Hapana ya Wifi Hilda

Ukifika Mahongole, pale Makambako, ukaulizia kwa Mama Obed, utaonyeshwa nyumba ya bati jekundu yenye miparachichi mbele, na huyo anayekuonyesha atacheka kidogo. Atakuuliza, "Lakini umeshakula?" Usidhani anakuonea huruma. Huo ni utani wa mtaa. Kwa Mama Obed mgeni huulizwa kama atakula, na akisema hapana, basi, imetoka hiyo, sahani haitarudi tena mbele yake. Sisi watu wa huku tunavumilia baridi na tunavumilia matope, ila kuulizwa kama tutakula hatujakuzoea. Mgeni gani mwenye adabu atajibu ndiyo? Mgeni anaketi, anasema ameshiba, mwenyeji anajifanya hakusikia, maji ya kunawa yanaletwa, mgeni analalamika kwamba anasumbua watu, na huku analalamika mikono imeshalowa. Ndivyo tulivyokuzwa, na hakuna aliyewahi kufa kwa kushibishwa.

Jina lake hasa ni Hosiana. Ni mjane, fundi cherehani, mwenyekiti wa akina mama katika usharika wake wa Kilutheri, mwenye sauti ambayo ikianza wimbo hata waliosinzia huamka. Si mchoyo. Lisemwe hilo mapema, kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane hivyo, na yeye mwenyewe siku hizi anajiona hivyo kila akifunua sufuria.

Ile desturi ya kuuliza hakuzaliwa nayo. Aliitoa Ujerumani. Usharika wake una urafiki na usharika mmoja wa huko, na mwaka mmoja walipochagua watu wa kwenda kutembelea, jina lake likapita. Akafikia kwa mama mmoja mwalimu mstaafu aliyeitwa Renate, mtu mwema, mwenye nyumba safi hadi mtu anaogopa kukanyaga. Jioni ya kwanza mezani kulikuwa na mkate, jibini na vipande vya nyama baridi. Hosiana akachukua kipande kimoja cha mkate, akakitafuna taratibu huku akisubiri chakula kije. Mama Renate akamsogezea sahani, akamuuliza kwa ishara kama ataongeza. Hosiana akatikisa kichwa na kutabasamu kama alivyofundishwa na mama yake, akakaa kusubiri abembelezwe. Mama Renate naye akatabasamu, akabeba sahani, akairudisha kwenye friji. Chakula kingine hakikuja. Kile ndicho kilikuwa chakula.

Kesho yake ikawa vilevile. Mwanamke aliyetoka kwenye nyumba yenye magunia ya mahindi hadi darini alikuwa anasokotwa na njaa katika nchi ya watu wenye kila kitu, na muda wote anatabasamu. Mwishowe akamweleza mchungaji waliyesafiri naye. Mchungaji alicheka hadi akavua miwani. "Mama, hapa hapana ni hapana," akamwambia. "Ukisema umeshiba anakuamini. Akikulazimisha ataona amekudharau, kana kwamba hulijui tumbo lako mwenyewe." Siku iliyofuata Mama Renate alipouliza, Hosiana alikubali, na akala viazi na soseji hadi mchungaji akamkanyaga mguu chini ya meza.

Ajabu ni kwamba badala ya kuichukia ile desturi, aliipenda, na tukiwa wakweli tutakubali kwamba alikuwa na sababu. Hosiana hakuwahi kusema hapana ikasikika. Akiwa binti alikataa kuacha shule ili akalee watoto wa kaka yake, wakubwa wakasema ni aibu za kitoto, wakamfungia nguo zake kwenye kanga. Alipofiwa na mumewe, Ezekia, alikataa kubaki shambani akilimia ndugu wa mume, nao wakasema majonzi ndiyo yanayosema, si yeye. Na kama mwenyekiti wa akina mama, akipita kuwatembelea wagonjwa, kila nyumba ilimwekea ugali mbele, hata awe ametoka kula mlango wa pili, na kila nyumba ilinuna asipomaliza. Sasa huko Ujerumani mtu mzima alimtazama usoni, akasikia neno lake, akaliheshimu. Aliporudi nyumbani alilileta hilo pamoja na chokoleti.

Akawaambia akina mama kwenye kikao, "Tunalishana uongo. Mwenye njaa anasema ameshiba, aliyeshiba analazimishwa, chakula kinamwagwa. Tuulizane, tujibiane ukweli." Walipiga makofi. Kisha wakatoka nje wakamwita Mama Ujerumani. Hakujali. Nyumbani kwake aliweka meza, akaweka sahani zenye vifuniko, na kila aliyeingia aliulizwa. Vijana walifurahi, maana walijibu ndiyo bila haya. Wakubwa walizoea kula kwao kwanza.

Basi ilikuwa kipindi cha baridi kali, ule ukungu wa mwezi wa saba unaokaa hadi watu wanasahau jua linatokea upande gani, ndipo wifi yake Hilda alipokuja.

Hilda ni dada mkubwa wa marehemu Ezekia. Anaishi Lupembe na mjukuu wake wa kike, Jane, ana kishamba cha chai na migomba michache. Ndugu waliposema Hosiana abaki shambani, ni Hilda peke yake aliyesimama kwenye kile kikao cha ukoo akasema, "Amekataa. Hamkumsikia? Mwacheni akajifunze kushona, mtoto nitakaa naye mimi." Na akakaa naye. Obed alianza kutembea kwa shangazi yake, akaongea kwa shangazi yake. Hosiana alipokuwa akitoka Njombe chuoni kwenda kumwona mwanawe, alikuta ugali mezani kabla hajatua mzigo. Hilda hakumuuliza habari za masomo hadi amwone anatafuna. Mtu mwenye njaa habari zake zote mbaya, ndivyo alivyokuwa anasema, na Hosiana alikuwa anacheka huku mdomo umejaa.

Siku hiyo Hosiana alikuwa amechelewa. Alikuwa na kikao cha akina mama alasiri na sare za wanafunzi ambazo hazijatiwa vifungo. Alikuwa ndiyo kwanza amejipakulia wali, njegere na kipande cha kuku, ameketi, aliposikia hodi. Hilda akaingia na kikapu cha maharage na nanasi kubwa. Alisimama mlangoni kidogo, akanyoosha mkono mbele kutafuta mgongo wa kiti, akakipata, akaketi. Hosiana aliliona hilo. Akadhani ni kwa sababu ametoka kwenye weupe wa ukungu.

"Kamwene, wifi," akasema Hilda.

"Kamwene, wifi yangu. Habari za Lupembe? Umetokea wapi na baridi hii?"

"Nilikuwa na shughuli huko hospitali ya misheni, nikasema siwezi kupita bila kukuona."

"Umefanya vizuri." Hosiana akakipokea kikapu, akashukuru, akakiweka jikoni. Aliporudi kwenye kiti chake akauliza, "Utakula?"

Hilda akatikisa kichwa na kutabasamu. "Hapana, wifi. Nilikula njiani."

"Sawa, wifi," akasema Hosiana.

Na akala. Hapo ndipo mkono wa kuandika haya unapokuwa mzito, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alichukua kijiko, akala wali wake mwenyewe, akamtafuna kuku mbele ya mama aliyemlelea mtoto, huku akimsimulia bei ya uzi ilivyopanda na jinsi kwaya ilivyomkosa mwalimu. Hilda alikuwa ameweka mikono mapajani, akiitikia kila mahali panapopaswa kuitikiwa.

Baada ya muda Hilda akauliza, "Kile chumba cha Obed siku hizi analala nani?"

"Hakuna. Nimekigeuza stoo, nimejaza vitambaa na makreti ya maparachichi."

"Aa. Vizuri." Kisha akauliza, "Na huku asubuhi magari ya kwenda misheni ni mengi?"

"Tele. Hata ukichelewa hukosi."

Mtu yeyote aliyekulia Ubena angesikia kilichokuwa kinaombwa. Mtoto wa darasa la pili angesikia. Hosiana zamani angesikia kabla hata halijasemwa, lakini alikuwa amekaa miaka kadhaa akijifunza kusikia maneno tu, na maneno yenyewe yalikuwa yanauliza habari za chumba na magari. Akayajibu hayo. Hilda alipoaga, hakumwambia akae kidogo. Alimsindikiza hadi getini, siyo hadi barabarani, kwa sababu vifungo vilikuwa vinamsubiri. Alirudi ndani akiwa na amani kabisa. Aliosha sahani akiimba.

Wiki zikapita. Siku moja alikwenda stendi ya Makambako kupokea mzigo wa vitambaa kutoka Mbeya, akapita kwa Nelly. Nelly ni mzaliwa wa Lupembe aliyeolewa huku, anauza viazi vya kuchemsha na mahindi kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kanga. Kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alimpimia viazi bila kumtazama.

"Nelly, kuna nini?" Hosiana akauliza.

"Hakuna kitu, Mama Obed."

"Kipo. Sema."

Nelly akafunika ndoo yake. "Bibi Hilda aliniomba nisiseme, na mimi nilimwahidi. Lakini kila nikikuona unapita hapa na Biblia kwapani naona nitapasuka. Siku ile aliyokuja kwako alirudi hapa jioni akitetemeka hadi nikamkalisha kwenye gunia. Nikampa viazi. Alikula vya moto, Mama Obed, hakungoja vipoe, na maganda yake. Hospitali walikuwa wamemwambia aje asubuhi bila kula kitu wampime sukari, na tangu ugali wa jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni. Kikapu chake alikuwa amekiacha kwangu, alipokuja kukichukua nilimwambia kula kabla hujakwenda kwa wifi yako. Akasema, 'Niende nimeshiba kwa wifi yangu? Atanielewaje?'"

Hosiana alisimama pale na mfuko wa viazi mkononi. Kondakta mmoja alimwomba apishe, akapisha bila kujua amepisha. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Alisema nini kuhusu mimi?"

"Alisema umemuuliza kama atakula," akajibu Nelly. "Hakusema kingine."

Njiani kurudi Mahongole alijitetea. Tuseme ukweli, wengi tungefanya hivyo. Alijiambia: kwani si yeye mwenyewe aliyesema hapana? Nimfunge mikono nimlishe? Kosa langu liko wapi? Alijitetea hadi akafika nyumbani, akakuta hajamshawishi mtu, hata yeye mwenyewe.

Jioni Obed akapiga simu. Obed ni dereva wa lori la mbao, mtu mpole, hana kawaida ya kupandisha sauti kwa mama yake.

"Mama, shangazi alifika kwako ule mwezi wa saba?"

"Alifika."

"Alikwambia habari za macho?"

"Macho gani?"

Obed akamweleza kwamba madaktari wa macho walikuwa wameweka kambi kwenye ile hospitali ya misheni, wanakuja mara moja kwa mwaka. Hilda alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, jicho la kushoto limeshaanza kufa. Walimpima, wakamwandikia apasuliwe siku mbili mbele, wakamwambia atafute mahali pa karibu pa kulala na ndugu wa kumshika mkono. Akasema ndugu anaye, yuko Makambako. Akatoka pale akiwa na furaha. Jioni akapanda gari la kurudi Lupembe, na kambi ikafungwa bila yeye.

"Jane ameniambia leo," akasema Obed. "Shangazi mwenyewe alikuwa anaficha. Mama, ulimpa chakula?"

"Nilimuuliza," Hosiana akasema.



"Ulimuuliza," Obed akarudia. Kisha akasema usiku mwema, mama, akakata.

Kuanzia hapo Hosiana hakuwa na raha tena. Aliomba, akaona maombi yake yanazunguka zunguka bila kufika kwenye jambo lenyewe. Alitaka kuwalaumu Wajerumani, ikashindikana, maana Mama Renate hakuwa na kosa hata chembe. Kule anayeuliza na anayejibu wote wanaijua sheria ya mchezo. Huku sheria alikuwa anaijua pia, na Hilda ndiye aliyemlisha kwa sheria hiyo. Tena yeye kuliko mwanamke yeyote wa Makambako alikuwa ameonja ilivyo kusema hapana ukiwa na njaa, ukaaminiwa, na sahani ikaondoka. Aliyajua maumivu yale kwa tumbo lake mwenyewe, na akamfanyia wifi yake vilevile.

Na bado hilo halikuwa la chini kabisa. La chini kabisa alilifikia asubuhi moja akiwa anapika chai. Alikumbuka jinsi alivyojisikia wakati ule Hilda aliposema hapana. Alikuwa amepata nafuu. Kuku alikuwa amebaki kidogo, kikao kilikuwa kinakaribia, kuinjika sufuria nyingine kungemchelewesha, na lile neno lilimfungulia njia. Hakuwa anaheshimu hapana ya mtu. Ilimfaa tu. Alikaa kwenye kigoda chai ikachemka ikamwagikia moto, akalia kwa sauti kubwa kama anayelia msibani.

Alisafisha chumba cha Obed. Alitoa vitambaa, akatoa makreti, akapiga deki, akatandika shuka mpya na mablanketi mazito. Akajaribu kumpigia Hilda, Jane akapokea na kusema bibi anasalimia, bibi anasema hana neno. Akaona simu haitamaliza jambo hili. Akapanda gari hadi Njombe, pale stendi akabadilisha, akaelekea Lupembe.

Alimkuta Hilda kwenye kishamba chake cha chai, nyuma ya nyumba. Alikuwa anachuma kwa kupapasa, vidole vinatangulia, vinahesabu majani mawili na chipukizi, vinakata, vinatupa kikapuni. Alichuma polepole sana. Lori la kukusanya majani lilikuwa limesimama kule barabarani, na alionekana ana wasiwasi wa kuchelewa kupima.

"Ni nani huyo?" akauliza aliposikia nyayo. Kisha kabla hajajibiwa akasema, "Ni wifi. Kamwene. Jane! Wifi yangu amekuja."

Alimwacha Jane apeleke kikapu kwenye lori, yeye akamtangulia mgeni kuingia ndani, bega likigusa ukuta. Hosiana alikuwa ameandaa maneno tangu Njombe. Alitaka kuyasema kabla hajaketi, lakini jiko la Hilda lilikuwa linanukia, na Jane aliporudi alileta maji moja kwa moja. Ukaja na ugali, majani ya maboga na bakuli la kuku.

"Wifi, nimekuja kuomba msamaha," akasema Hosiana.

"Nawa kwanza."

"Sistahili kula chakula chako."

"Nani amekuuliza kama unastahili? Nawa, ugali unapoa."

Akanawa. Hilda akaingiza vidole kwenye bakuli, akapapasa vipande kimoja kimoja hadi akalipata paja, akalichukua, akaliweka upande wa mgeni. Hosiana akaanza kula. Alimaliza tonge akakata jingine, kwa kuwa hilo angalau aliweza kulifanya. Hilda alikuwa amegeuza sikio kidogo upande wake, akisikiliza anavyotafuna, na hakusema kitu hadi aliporidhika.

"Haya. Sasa sema."

Akasema yote. Alisema habari za Nelly, za Obed, za kambi ya macho. Hakujificha nyuma ya Ujerumani. Alipofika kwenye lile la chini kabisa alisita, kisha akalisema nalo: "Uliposema hapana nilifurahi, wifi. Nilikuwa na haraka zangu, na kuku alikuwa kidogo."

"Najua," akasema Hilda. "Macho yangu hayaoni vizuri, lakini kijiko nilikisikia. Kilikuwa kijiko cha mtu anayetaka kumaliza."

Hosiana akajifuta uso kwa kitenge. Hilda hakumbembeleza, wala hakumkaripia. Alikuwa anachambua mfupa taratibu, akitafuta nyama iliyobaki kwa ncha ya kidole.

"Twende Makambako," akasema Hosiana. "Chumba cha Obed nimekisafisha, kitanda kimetandikwa. Tukae wote hadi madaktari warudi. Nitakupeleka mimi, nitakushika mkono mimi, nitakulaza mimi."

"Hapana, wifi. Asante sana."

"Usiseme hapana. Jane atabaki na shamba."

"Hapana, wifi. Nashukuru."

Hosiana alijisikia ameanza kuelewa. Hii ndiyo ile njia ya zamani, akajiambia, ninapaswa kusukuma. Akasukuma. Akasema ndugu wote wanamsema, akasema Ezekia asingefurahi huko aliko, akasema hatatoka pale bila yeye. Kila mara Hilda akajibu hapana kwa sauti ileile ya upole. Ndipo Hosiana akainuka, akautoa mfuko wa nguo uliokuwa unaning'inia kwenye msumari, akaanza kutia humo kanga na sweta za Hilda, kama mwenyeji anavyompokonya mgeni mzigo wake ili asiondoke.

Hilda akasikia kitambaa kinakunjwa. Akanyanyuka, akaufuata ukuta hadi pale, akaushika mkono wa wifi yake pamoja na sweta iliyokuwa ndani yake.

"Siku ile nilikataa mara moja tu, ukaniamini," akasema. "Leo nimekataa mara zote hizi, huniamini. Sasa nisemeje, wifi, ili nisikike?"

Hosiana alimtazama usoni. Jicho la kushoto lilikuwa limekuwa jeupe, la kulia lilikuwa linahangaika kumtafuta. Hakukuwa na adabu ndani ya ile hapana, wala hasira. Ilikuwa hapana tupu.

"Mwakani nitakwenda," Hilda akaendelea. "Nelly ametuma salamu kwamba godoro langu ameshalitafuta, nitafikia kwake. La kushoto limeshakwenda, la kulia watalipata. Wewe ni wifi yangu, nikisikia unaumwa nitakuja, na ukija hapa utakula. Lakini nyumbani kwako sitalala."

Hosiana akaachia sweta. Akamjibu neno lilelile alilomjibu siku ile mezani.

"Sawa, wifi," akasema.

Walimaliza chakula. Hilda akamfungia ndizi, akamwambia Jane amchagulie zilizokomaa vizuri, akaulizia afya ya kwaya. Wakati wa kuondoka ulipofika alikataa kumwacha atoke peke yake. Alimsindikiza hadi barabarani, mkono mmoja begani kwa Jane, mwingine umemshika Hosiana, wakakumbatiana palepale kwenye vumbi, kisha Jane akatangulia kumpakilia mgeni ndizi zake. Hosiana akapanda basi, akapata kiti cha dirishani. Hilda alikuwa amesimama ukingoni, amenyoosha shingo, akisikiliza.

Injini iliyonguruma ilikuwa ya lile lori la majani ya chai, lililokuwa ndiyo kwanza limemaliza kupakia. Liling'oka mbele yao, likaanza kushuka kuelekea kiwandani, na Hilda akainua mkono akalipungia, akatabasamu, akalipungia hadi mlio wake ukaishia kwenye kona. Basi la Hosiana lilikuwa bado limesimama nyuma ya mgongo wake, hatua chache tu. Dirisha lilikuwa wazi. Hosiana alifungua mdomo amwite, akashindwa kabisa, akabaki amekaa na ndizi mapajani.